Poncho ya jeshi badala ya hema: kulala Manda na Shela wakati wa kusi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Malindi. Mwezi wa nane tunataka kwenda Lamu mimi na wenzangu wawili, tulale Manda usiku mmoja na upande wa Shela ufuoni usiku mwengine. Hema hatuna na za dukani bei imetushinda. Nimepata poncho ya jeshi kwenye mitumba, ile ya kuvaa mvua yenye kofia na vitundu vya chuma pembeni, muuzaji akanambia wanajeshi hulala humo. Ni kweli? Itatutosha watatu? Na kuna nyengine ya madoadoa ameniambia ataniachia kwa bei ndogo, niichukue pia?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza kabla hamjaondoka, wengi huuliza wakisharudi wamelowa.

Muuzaji hakukudanganya. Poncho ya jeshi imetengenezwa toka mwanzo iwe vitu viwili, mchana unaivaa mvua ikinyesha na usiku unaitanda juu yako ikawa paa, ndo maana ukiiangalia pembeni ina vile vitundu vyenye pete za chuma na vifungo vya kubonyeza kwenye urefu wote, koti la mvua la kawaida lisingekuwa na haja navyo. Jeshi la Marekani lilikuwa na poncho za kitambaa kilichopakwa mpira tangu karne ya 19, kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 askari walikuwa nazo, baadae enzi za vita vya Vietnam ikawa nailoni nyepesi na hiyo ndo iliyoenea na ndo viwanda vinaiga mpaka leo. Warusi wana yao ya turubai la pamba, mraba wa mita 1.8 kila upande, Wajerumani kwenye vita vya pili vya dunia walikuwa na ya pembetatu. Zote wazo lake ni moja, kila askari ana kipande chake na wakikutana wanaunganisha vipande wanapata kihema. Hilo la kuunganisha liweke akilini manake ndo jibu la watu watatu.

Lakini tuanze na hiyo ya madoadoa kabla hujatoa pesa. Usiichukue, hata kama anakupa bure. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala kitu kinachofanana nazo, na poncho ni nguo hata kama wewe unaiona ni turubai. Alafu Lamu sio pahali pa kujaribu kitu kama hicho, tangu mashambulizi ya Mpeketoni 2014 na operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza 2015 ulinzi kule umekazwa sana, kijana akionekana asubuhi anatoka vichakani Manda na kitambaa cha madoadoa begani, maelezo yake hayatasikilizwa pale pale, atayatoa kituoni. Hiyo uliyonayo hujanambia rangi. Kama ni kijani tupu, haina alama wala maandishi ya jeshi, itumie kama paa tu, usitembee nayo mwilini mjini. Ukipata ya bluu, kahawia au ya machungwa chukua hiyo, kazi ya kuzuia mvua ni ile ile na mtu akiwaona kwa mbali anajua hawa ni wapiga kambi. Na kabla ya kuvuka piteni kwa chifu au mzee wa mtaa na kituo cha polisi mseme nyinyi ni nani, mnalala wapi, mnarudi lini. Hili msilione ni usumbufu, hao hao ndo watakaojua pa kuwatafuta boti ikikosa kuja kuwachukua.

Sasa ukubwa. Ile ya Marekani na nyingi za kuiga zina urefu wa karibu mita 2.3 na upana wa karibu mita 1.7. Pima yako kwa futi ya fundi cherehani, manake kuna za kuiga ni fupi na muuzaji hatakwambia. Ukiitanda kama paa la mgongo, yaani kamba inapita katikati na pande mbili zinateremka, kila upande unabaki na sentimita 84 hivi. Ukinyanyua mgongo sentimita 60 kutoka chini, upana wa pale chini unapata mita 1.2. Ukisema ah ni chini mno acha ninyanyue mpaka 70, upana unashuka mpaka sentimita 93. Unaona tabu yake, kila ukitaka nafasi ya kukaa unapunguza nafasi ya kulala. Kwa hivo poncho moja ni ya mtu mmoja na begi lake, wawili mabega yatalowa, watatu msifikirie kabisa.

Lakini mkiwa na mbili mambo yanabadilika sana. Ziunganishe kwa vile vifungo vya upande mrefu mnapata kitambaa cha mita 3.3 kwa 2.3, kamba ya mgongo ipite kwenye ule muungano, nyanyueni mita moja kamili kutoka chini na pale chini mtapata upana wa mita 2.6. Hapo kila mtu ana zaidi ya sentimita 80, mnalala watatu na mnaweza kukaa mkanywa chai bila kuinamisha shingo. Na ya tatu? Ya tatu ni ya lazima vilevile, hiyo ndo itakuwa mlango upande mvua inapotokea, na hiyo ndo atakayovaa mtu akitaka kwenda haja usiku kunanyesha. Watu hulisahau hili, paa ukishalifunga huwezi tena kulivaa. Kwa hivo jibu fupi ni poncho tatu kwa watu watatu, na jaribuni ziwe za aina moja manake vifungo vya viwanda tofauti mara nyingi havishikani. Mkijikuta havishikani fungeni kwa kamba kupitia vitundu, lakini hakikisheni moja imelalia nyengine kiganja kizima na ile ya juu ndo iwe ya upande wa upepo, ili maji yateremke yasipenye.

Shimo la kofia ndo penye kuvuja kwanza, na wengi hulifunga vibaya. Kuvuta tu ule ugwe wa kofia hakutoshi, unabaki uwazi wa kidole na usiku mzima tone linaangukia pale pale. Fanya hivi: vuta ugwe mpaka mwisho, isokote shingo ya kofia mara mbili tatu, ikunje ijilalie yenyewe mdomo uangalie chini, alafu zungushia kamba uikaze kabisa. Kofia ibaki nje, sio ndani. Kwenye poncho ya mtu mmoja ile kofia iliyofungwa inaweza kuvutwa juu kwa kamba kwenda kwenye tawi kama kuna mti, paa linanyanyuka katikati na unapata nafasi zaidi bila nguzo ndani.

Kabla ya yote hayo ijaribu nyumbani. Ya mitumba inaweza kuwa nzuri kwa macho na imekufa kwa ndani. Ule upande wa ndani una mpako kama plastiki nyembamba ndo unaozuia maji, na joto letu na unyevu wa pwani huuharibu taratibu hata ikiwa kabatini. Pitisha kiganja, ukihisi inanata au inatoa magamba ujue imekwisha, rudisha udai pesa zako. Ikiwa kavu na laini ielekeze kwenye jua utafute vitone vya mwanga. Alafu ifunge pembe nne uani ilegee katikati, mimina ndoo ya maji, subiri dakika 15 uangalie chini. Tundu dogo linazibika kwa tepu ngumu pande zote mbili, kata kiraka pembe zake ziwe za mviringo manake pembe kali ndo huanza kubanduka. Mshono unaovuja ni kazi zaidi, na kama mishono yote inavuja tafuta nyengine.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndo litaamua kama mtalala au hamtalala, na ni upepo. Wewe ni mtu wa Malindi sina haja kukufundisha kusi, mwezi wa nane bado unavuma, unatoka kusini na kusini mashariki, na vijimvua vyake vinakuja vimelala, haviteremki wima. Ufuo wa Shela, ile kama kilomita 12 ya mchanga, umeangalia bahari kuu upande huo huo kusi inakotokea. Mkilala wazi pale ufuoni mchanga utawaingia mpaka kwenye meno na poncho itapiga kelele usiku kucha kama tanga lisilo na mtu wa kulishika. Mkijificha kabisa nyuma ya kitu ambapo hakuna upepo hata kidogo, mbu na usubi watawamaliza, hasa karibu na mikoko upande wa ndani wa Manda. Kwa hivo tafuteni pa katikati, pahali upepo umevunjwa na vichaka au tuta lakini bado unaupata usoni mkisimama. Simameni pale jioni dakika kadhaa kabla ya kufungua mabegi. Huu ndo uamuzi mkubwa wa safari yote, hayo ya mafundo ni madogo.

Na mkiwa Shela msipande kulala juu ya yale matuta ya mchanga. Yale matuta ndo yanayonyonya mvua na kuhifadhi maji matamu chini yake, na visima vinavyolisha mji wa Lamu vinategemea maji hayo. Mtu akijisaidia pale au akimwaga sabuni au taka, ameweka uchafu kwenye maji ya watu. Laleni pembeni chini ya tuta, juu ya alama ya maji, haja fanyeni kabla ya kutoka kijijini au ombeni kwa watu, na usiku ikibidi nendeni mbali na matuta mchimbe mfukie.

Kwa upande wa Manda, Takwa ndo pahali watu wengi hupenda kulala, pale kwenye magofu chini ya mibuyu. Pale pako chini ya makumbusho kwa hivo ruhusa na malipo muulize ofisi zao mjini Lamu kabla ya kuvuka, msitokee tu na poncho zenu. Kamba usifunge kwenye ukuta wa magofu hata kidogo, yale mawe na chokaa ni ya karne nyingi, fungeni kwenye mti au fito zenu. Boti inaingia kwa mkondo wa kwenye mikoko na inapita vizuri maji yakijaa, yakipwa mtashuka mtembee kwenye tope na mizigo kichwani. Na bebeni maji ya kunywa yote mnayohitaji, wenyeji wa Takwa wenyewe walihama karne ya 17 na sababu moja inayotajwa ni maji ya visima kuingia chumvi.

Nimetaja alama ya maji, niseme vizuri. Angalieni kalenda ya mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndo bamvua, yaani maji makubwa, na pwani yetu bamvua maji hujaa kama saa kumi alasiri na tena saa kumi alfajiri. Yaani pale usingizi umekolea ndo bahari iko juu kabisa, na tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo inafika kama mita 3. Ule mstari wa mwani mkavu na vijiti na takataka ndo bahari ilipofika juzi, sio inapoishia. Nyinyi laleni juu yake kabisa, pale mlakasa umetambaa na kushika mchanga. Mkienda siku za maji mafu, yale yasiyojaa sana, mna nafasi zaidi lakini hata hapo msilale kwenye mchanga mbichi.

Kusimamisha sasa. Mnahitaji fito mbili za mita 1.3 hivi, sentimita 30 zinazama mchangani na mita moja inabaki juu. Msikate mikoko, kukata bila kibali cha idara ya misitu ni kosa na isitoshe mti ule ndo unaoshika ufuo. Nunueni fito Lamu mjini zinauzwa kwa ajili ya ujenzi, au muulizeni nahodha atakayewavusha kama ana pondo au makasia ya ziada, kasia moja na pondo moja zinasimamisha paa vizuri kabisa. Chini ya kila nguzo wekeni kifuu cha nazi kilichofunikwa, nguzo isizame usiku mgongo ukalegea.

Vigingi vya chuma vya hema msinunue, kwenye mchanga mkavu havishiki chochote, upepo ukija vinang'oka vyote na kimoja kinaweza kumpiga mtu. Kinachoshika mchangani ni kitu kilicholazwa na kufukiwa. Chukua kumbi la nazi, au gogo fupi lililoletwa na maji, au kiroba kidogo cha unga kilichojazwa mchanga, kifunge kamba katikati, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, kilaze kwa upana kikate ule mwelekeo kamba inakovutia, toa kamba kwa mteremko, fukia na ukanyage vizuri. Mwagia maji ya bahari juu ushikane. Kamba ikivuta, haivuti kile kipande peke yake, inavuta na mchanga wote ulio juu yake, na ndo maana kinashika pale ambapo chuma kimeshindwa. Makumbi ufuoni hayakosekani lakini viroba ni uhakika, bebeni kumi vitupu havina uzito. Mifuko ya plastiki ya dukani hata kama mnayo nyumbani iacheni, imepigwa marufuku nchini tangu 2017.

Kamba nazo zina tabia zake na hapa watu hawafikirii. Ya katani ikilowa inajikaza, umeifunga jioni imekaa sawa, mvua ikinyesha usiku inavuta mpaka inang'oa pete ya chuma kwenye kitambaa. Ya nailoni ni kinyume, ikilowa inalegea, paa linabonyea na maji yanajikusanya katikati. Zile za plastiki za wavuvi, za bluu au kijani, hazinyonyi maji, ndo ningewashauri kwa safari fupi, ila jua linazikausha zikakatika kwa hivo chukueni mpya. Za nailoni mkiwa nazo sio mbaya, mtu mmoja atoke mvua ikishaanza azikaze mara moja, baada ya hapo hazitawasumbua tena.

Na zile pete za pembeni msiziamini sana kwa kusi. Pete ikianza kutoka inapasua kitambaa chote. Kwenye zile pembe zinazobeba mzigo chukua kijiwe laini kama ukubwa wa kunazi, kiweke ndani ya kitambaa sentimita chache kutoka ukingoni, kikunje, alafu funga kamba shingoni pake kwa nje. Hapo kamba inashika kitambaa kizima badala ya tundu moja. Ni kazi ya dakika mbili kila pembe na hata poncho iliyokwisha pete zote inafanya kazi hivi.

Mgongo wa paa uulalie upepo kwa ubavu, yaani ule upande mpana wa paa ndo uangalie kusini mashariki, ukingo wake wa chini ulazwe mchangani kabisa na ufukiwe urefu wote, midomo miwili ya kihema isiangalie upepo. Upande wa pili, ule usiopigwa na upepo, uacheni umenyanyuka kiganja kutoka chini hewa ipite. Hili la hewa ni muhimu sana kwetu. Kitambaa cha poncho hakipitishi mvua na hakipitishi pumzi vilevile, watu watatu wakipumua ndani usiku mzima na hewa yetu ilivyo na unyevu, asubuhi chini ya paa kuna matone na mtu atasema imevuja kumbe ni jasho. Usiku mwezi wa nane joto ni kama nyuzi 22 mpaka 24, baridi haitawaua, kwa hivo hakuna sababu ya kuziba pande zote. Ile poncho ya tatu itundikeni kwenye mdomo ambao vijimvua vinageukia, na upepo ukizidi teremsheni mgongo mpaka sentimita 70 au 80, paa la chini halibebwi.

Kama siku moja utakwenda peke yako na poncho moja usijisumbue na paa la mgongo ikiwa hakuna mvua kubwa. Fukia upande mrefu mmoja mchangani kwenye upepo, upande wa pili unyanyue kwa fito mbili mpaka kiunoni, lala umeupa upepo kisogo. Lakini kusi na kaskazi sio moja. Kuanzia kama Disemba upepo unatoka kaskazini mashariki na usiku mwengine unakatika kabisa, umande unashuka mwingi, hapo paa la wazi namna hiyo ndo zuri zaidi manake unachozuia ni umande tu. Masika je, Aprili mpaka Juni? Hapo ningekwambia ukae nyumbani au ukodi hema la kweli, mvua za mwezi wa tano hazichezewi kwa kipande cha nailoni.

Chandarua. Poncho haina mlango wala wavu, na malaria iko, kwa hivo hili halina mjadala, kila mtu aje na chake. Pitisha kamba ya pili chini kidogo ya kamba ya mgongo utundike vyandarua hapo, chini vichomekwe ndani ya mkeka. Chini mkeka unatosha, chini ya mkeka wekeni turubai au plastiki nzito lakini hakikisheni haitokezi nje ya paa hata kidogo, manake ikitokeza inapokea maji ya paa na kuwaletea nyinyi mgongoni, nimeona watu wakilaumu poncho kumbe maji yametokea chini. Kung'uteni viatu asubuhi, nge na tandu hupenda vitu vikavu vyenye giza.

Moto msiwashe chini wala karibu, nailoni haiwaki tu inayeyuka na kuanguka ikiwa moto, na ikigusa ngozi inaganda nayo. Jiko liwe hatua kumi na zaidi upande upepo unakokwenda, sio unakotoka. Na taa ufuoni ziwe chache, kasa hupanda kutaga kwenye fukwe za Shela na Manda, mwanga mkali unamrudisha baharini kabla hajataga na vifaranga unawapoteza njia. Mkimuona kaeni kimya mbali, msimmulike wala msimpige picha na flashi.

Siku kama tatu kabla ya safari nendeni jioni hapo hapo Malindi ufuoni, kusi iko, msimamishe kila kitu kuanzia kufukia viroba mpaka chandarua, alafu mbomoe msimamishe tena gizani na tochi moja. Kama mara ya pili inawachukua zaidi ya nusu saa rudieni. Mvua haisubiri mtu asome mafundo kwenye simu, alafu simu yenyewe itakuwa imelowa.

Mkirudi osheni poncho kwa maji matamu, chumvi inakula pete na vifungo na inafanya mpako wa ndani ubanduke mapema. Sabuni kidogo ya kawaida inatosha, dawa ya kung'arisha nguo usiitie na usiisugue kwa brashi. Ianike kivulini pande zote mbili mpaka hata mishono iwe mikavu, juani usiiache siku nzima. Usiikunje kwa mikunjo ile ile kila mara, iviringishe ovyo uitie kwenye gunia la nguo linalopitisha hewa, na baada ya kila miezi miwili itoe uitandaze ipate upepo.